Usinipe Kizingitini

Theluji iliyokuwa mabegani mwa Arkadi haikuyeyuka. Kapitolina aliiona, lakini nani ana muda wa kukagua mabega ya jirani huku supu ya kabichi inachemka jikoni? Hapa Moscow, Desemba, giza huingia saa kumi alasiri, na kila anayetoka nje hurudi kama aliyeangukiwa na gunia la unga.

Arkadi alikuwa amehamia ghorofa ya juu ya Kapitolina na binti yake tangu majani yalipoanza kupukutika. Mpole, mwenye adabu zake, mweupe kupita kiasi. Siku hiyo alibonyeza kengele, na Kapitolina alipofungua akamkuta ameshika glavu nyekundu ya sufu.

"Ya binti yako hii, jirani. Nimeiokota kwenye lifti."

"Ulyana huyo! Ataniua na glavu zake."

Akainyoosha, lakini mkono wake ulikomea kizingitini, usiingie ndani hata kwa ukucha. Kwetu hakuna mwenye akili timamu anayepokea kitu juu ya kizingiti. Huleta ugomvi. Hata maprofesa wanaotucheka huwa wanarudi nyuma kwanza. Kapitolina naye akarudi nyuma.

"Usinipe kizingitini, tutagombana bure. Ingia kwanza."

"Unanikaribisha?"

"Kwani naongea na ukuta? Ingia, baridi inaniulia nyumba!"

Akaingia taratibu, akitabasamu, na harufu ya chuma kilicholowa ikaingia pamoja naye.

Tangu hapo hakubonyeza tena kengele. Ulyana, mtoto wa miaka tisa na ndiye pekee Kapitolina aliyekuwa naye duniani, akaanza kukauka. Chakula hataki, kutoka hataki, skafu haivui hata kitandani. Kila giza lilipoingia Kapitolina, akiwa jikoni, alisikia lifti ikishuka, ikisimama kwenye ghorofa yao, milango yake ikifunguka bila hatua za mtu kufuata, kisha ubao wa ukumbini ukilia mara moja, kisha ile harufu ya chuma ikimfikia mpaka kwenye sufuria, na sauti nyembamba ya mwanamume ikianza kumwimbia mtu wimbo wa kulala chumbani kwa mwanawe, mpaka siku moja akatupa mwiko, akakimbia, akasukuma mlango, akamwona Arkadi amepiga magoti kando ya kitanda, skafu mkononi, midomo imelowa.

"Toka!" alinong'ona.

"Umenikaribisha mwenyewe, jirani," Arkadi akajibu kwa upole, akatoka bila haraka.

Kapitolina alimpigia simu shangazi yake Fevronia, mganga wa kijijini ambaye alikuwa akimwonea haya mbele ya marafiki. Fevronia akafika kwa treni ya kesho yake. Alinusa ukumbi, akamtazama mtoto shingoni, akakaa chini na koti lake.

"Mjinga wee. Umemkaribisha mnyonya damu kwa kuogopa ugomvi?"

"Sikujua, shangazi. Niambie nifanye nini."

"Ugombane naye, ukaribisho wako ufutike. Glavu iko wapi?"

Wakamchoma Ulyana kidole, wakaipaka glavu damu. Jioni Arkadi alikuja, akakuta Fevronia amekaa kitandani na sanamu yake takatifu kifuani, akageuka kwa hasira kurudi alikotoka. Alipokwisha vuka mlango, Kapitolina akamwita, akamnyooshea ile glavu juu ya kizingiti.

Mjanja alikuwa, lakini njaa ilimzidi. Akainyakua, akaanza kuinyonya.

"Basi tumegombana," Kapitolina akasema. "Kwangu usiingie tena."

Arkadi akajirusha ndani, akagonga hewa kama kioo. Alibembeleza, akatukana, akalia kwa sauti ya mtoto. Mwishowe lifti ikamchukua, na asubuhi nyumba yake ikakutwa tupu.

Ulyana akanywa supu. Mashavu yakapata rangi, akaanza tena ubishi wake, na Kapitolina akalia kwa furaha mbele ya jiko. Baada ya wiki wakamruhusu kwenda shule.

Alirudi giza limeshaingia. Kapitolina akafungua mlango, akamwona amesimama nje, mkono mmoja hauna glavu, kofia imejaa theluji. Bomba la joto la ngazini lilikuwa linaunguza pembeni yake. Theluji haikuyeyuka.

"Mama," Ulyana akasema, akijaribu kuinua mguu, akashindwa. "Mama, mbona huniambii niingie?"

"Nani huyo?" Fevronia akauliza kutoka jikoni, kisha akainusa ile harufu. "Kapitolina! Usifungue mdomo!"

Kapitolina hakuufungua. Alimtazama mwanawe akitetemeka kwa baridi, akajifungua vifungo vya shingoni, akavuka kizingiti na ndara zake za nyumbani, akamkumbatia.

Nyuma yao, akilia, Fevronia alifunga mlango.