Maji Yasiyovuja

Maji yaliinuka polepole mbele ya mashua, yakasimama wima, ukuta wa kijani uliofikia kimo cha mchikichi mkongwe. Hapakuwa na lango la chuma wala kingo za zege. Yalikuwa maji matupu yaliyosimama kwa miguu yao wenyewe, na ndani yake perege walikuwa wakiogelea bila wasiwasi, wakipita juu ya vichwa vya watu wawili waliokaa kwenye mashua. Kisha ukuta wa pili ukainuka nyuma yao. Katikati ya kuta hizo mashua ilianza kupanda, taratibu kama mtoto anayenyanyuliwa akiwa usingizini, huku mwanga wa asubuhi ukipenya majini na kuwachora mawimbi usoni.

"Hata ukiniambia mara mia jinsi yanavyofanya hivi," Bukuru alisema, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kikombe cha chai ya tangawizi, "mimi nitaendelea kuamini ni mazingaombwe."

Nyamizi, mkewe, alicheka. Mazingaombwe hayo aliyabuni yeye.

Ndani ya kila lita ya maji ya mfereji kulikuwa na mamilioni ya vitu vidogo kuliko vumbi la unga, ambavyo Nyamizi aliviita punje-shikizi. Kando ya mfereji zilisimama nguzo nyeupe zilizotoa mvumo, sauti nzito ambayo sikio haliisikii ila kifua huihisi. Punje zikiupata mvumo ule hushikana mikono, na maji husimama bila kuwa barafu. Mvumo ukikoma zinaachiana, na maji yanarudi kuwa maji. Mhandisi Nyamizi aligundua mvumo huo akiwa na miaka thelathini na minne. Sasa alikuwa na sitini na mitatu, amestaafu miezi miwili tu iliyopita, na ngazi za maji za aina hiyo zilipandisha meli kutoka Ziwa Tanganyika, zikazivusha mbugani, zikazifikisha Ziwa Viktoria.

Lakini fahari yake kubwa haikuwa ngazi. Ilikuwa ngozi. Chini na pembeni mwa mfereji mvumo haukukoma usiku wala mchana, na punje zilizoshikana huko zilifanya utando mwembamba usiopitisha kitu. Mto wa zamani ulionyooshwa kuwa mfereji ulikuwa ukinywewa na ardhi njia nzima. Mfereji haukunywewa. Kwenye kila nguzo Shirika la Njia ya Maji liliandika maneno manne: HAKUNA TONE LINALOPOTEA HAPA. Chini yake likaandika jina la Nyamizi.

Mashua ilifika juu. Kuta zikalala, mfereji ukafunguka mbele yao mweupe na mrefu, na Bukuru akapandisha tanga.

Tanga lile alilishona mwenyewe. Meli zote nyingine zilikuwa na matanga-hisi, yanayounusa upepo na kujigeuza yenyewe bila mkono wa mtu. Bukuru alikuwa fundi cherehani tangu ujanani, na aliapa kwamba hatavutwa na nguo inayomzidi akili. Safari hii pia ilikuwa wazo lake. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa mkewe hakuwahi kuchukua likizo iliyozidi siku nne. "Sasa umestaafu, Mama Yulita," alimwambia. "Mfereji umeujenga, hujawahi kuusafiri. Twende tuuone. Bila haraka."

Na kweli hawakuwa na haraka. Kulikuwa na siku walizosafiri kilomita kumi tu. Walipita bustani zinazoelea, nyanya na mchicha vikisogea juu ya maji kama shamba lililotoroka. Walipita korongo mmoja aliyesimama juu ya nguzo kwa mguu mmoja, na walipogeuka baada ya saa nzima alikuwa bado pale, mdogo kama doa. Mchana walikaanga samaki wa migebuka, wakala ugali, wakalala chini ya kivuli cha tanga mashua ikijiendea. Ilifika mahali Nyamizi hakujua tena kama ni Jumanne au Ijumaa. Alitia mkono majini akaacha vidole vikokotwe. Alihisi mvumo wake mwenyewe ukimpanda kwenye kiwiko, mpole, kama paka anayekoroma. Alijiona mtu aliyelala ndani ya ndoto yake mwenyewe na kukuta kila kitu kimewekwa mahali pake.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, Bukuru aligeuza usukani akaingiza mashua kwenye gati dogo la mawe.

"Hapa hatukupanga kusimama," Nyamizi alisema.

"Hapa ni Kasenda."

Nyamizi alinyanyuka. Kasenda ndiko alikozaliwa mumewe, yeye na pacha wake, Butoyi. Nyamizi alikuwa amefika mara mbili, mara ya mwisho kwenye msiba wa mama mkwe, miaka ishirini iliyopita. Alikumbuka bonde la kijani, michikichi, na chemchemi iliyotoka chini ya mwamba, baridi mpaka meno yakauma.

"Si watu wa Kasenda walihamia mjini?"

"Wengi wao. Butoyi hakuhama." Bukuru alifunga kamba gatini bila kumtazama. "Vaa viatu, Mama Yulita. Kuna mwendo."

Walipanda tuta la mfereji. Juu yake Nyamizi alisimama. Nyuma yake maji yalijaa pomoni, yanang'aa. Mbele yake hapakuwa na bonde la kijani. Palikuwa na udongo wa kijivu uliopasuka vipande vipande, na michikichi iliyobaki vigogo tu, imekatika vichwa, imesimama kwa safu kama watu waliosahauliwa kwenye foleni.

Butoyi aliwapokea njiani. Alikuwa na sura ya Bukuru, ila jua lilikuwa limeila zaidi. Mapacha wale walikumbatiana wakatikisana, wakicheka bila maneno. Kisha Butoyi akamgeukia Nyamizi, akampa mikono yote miwili.

"Shemeji, karibu. Siku nyingi hatujaonana."

"Shemeji, pamepatwa na nini hapa? Ukame?"

Butoyi alimtazama pacha wake kwanza, kama anayeuliza ruhusa. "Mvua zinanyesha kama zamani," alisema. "Zinanyesha, zinaondoka. Kinachotuweka hai siku zote si mvua. Ni maji ya chini."

Nyumbani waliandaliwa viti uani. Skolastika, mke wa Butoyi, alileta maji ya kunywa kwenye jagi. Yalitoka kwenye bomba la kuchujia ambalo Shirika liliweka gatini, na yalikuwa safi.

"Ya kunywa tunayo, hatuwezi kusema uongo," Skolastika alisema. "Lakini bomba halimwagilii bonde. Tulijaribu kuchota ya mfereji tukamwagilia. Siku tatu tu, udongo ukafanya gamba. Jembe linateleza."

Nyamizi hakuhitaji kuelezwa sababu. Punje, zikiwa karibu vile na mvumo wa nguzo, zilishikana ndani ya udongo kama zilivyofundishwa. "Kaya ngapi zimebaki?" aliuliza.

"Zilikuwa sitini. Tupo nne."

Alimgeukia mumewe. Sauti ilimtoka chini chini, ile aliyokuwa akiitumia kwenye vikao mambo yalipoharibika. "Ulijua. Miaka yote hii ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Bukuru alisema kwa upole. "Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza mfereji ulikuwa na miaka mitatu. Mara ya pili, wiki aliyoolewa Yulita. Ulinijibu kwa asilimia."

Nyamizi alikumbuka. Alikuwa mezani, mbele ya kompyuta, hakugeuka. Alimwambia kwamba upotevu wa maji umepungua kwa asilimia tisini na nane, na hakuna mto duniani uliowahi kufanya hivyo. Alimwambia kwa furaha. Na mumewe alisimama mlangoni kidogo, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

"Nikaona nikikuambia mara ya tatu nitakuchukia," Bukuru alisema. "Sikutaka. Nikasubiri ustaafu, niyalete macho yako hapa."

Ni Skolastika aliyenyanyuka, akamshika Nyamizi mkono. "Njoo, dada. Twende wawili."

Alimpeleka chini ya mwamba. Beseni la mawe la chemchemi lilikuwepo bado, kingo zake zimelainishwa na makalio ya vizazi vya wanawake walioketi hapo wakisubiri ndoo zijae. Ndani yake kulikuwa na mchanga mkavu na manyoya ya njiwa. Skolastika aliketi ukingoni, mahali ambapo bila shaka palikuwa pake, na Nyamizi akaketi kando yake.

"Walipokuja watu wa Shirika," Skolastika alisema, "walituita mkutanoni wakatuonyesha picha nzuri sana. Wakasema mto wetu unapoteza maji mengi, na wao wataukomesha upotevu. Tukapiga makofi, hata mimi. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza: yanapotelea wapi? Nani anayaokota?" Alichukua manyoya yale, akayapuliza yakaruka. "Kumbe yalikuwa yakipotelea kwetu."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Hilo ndilo lililomshinda Nyamizi. Angetukanwa angejua la kujibu. Alikaa akitazama mchanga mpaka macho yakamwuma, na hesabu zake zote, alizozikariri kama sala, zikawa zinapita mbele yake zikiwa na maana nyingine.

Alirudi kwenye mashua peke yake. Akawasha chombo cha mawasiliano, akamwita Mwangalizi. Hakuwa mtu. Alikuwa akili-unde aliyelinda kina na mvumo wa mfereji mzima, na sehemu ya akili hiyo Nyamizi aliiandika kwa mkono wake.

"Habari za mchana, Mhandisi," sauti ilijibu. "Natumaini safari ni njema."

"Mwangalizi, zima mvumo wa chini kati ya nguzo ya mia nne na nguzo ya mia nne na ishirini."

"Utando utafunguka. Maji yatavuja ardhini."

"Najua. Ndicho ninachotaka. Mchanga utazichuja punje njiani."

"Hiyo ndiyo kazi niliyoumbwa kuizuia, Mhandisi."

"Nani alikuumba uizuie?"

"Wewe."

"Basi sikiliza. Katiba ya mfereji inampa mbunifu haki ya kufanya jaribio la siku kumi popote, hata akistaafu. Iko kifungu gani?"

"Cha thelathini na moja. Haijawahi kutumika." Nyamizi alijua Mwangalizi anapima uzito wa mamia ya meli. "Kina kitashuka sentimita sitini katika eneo hilo. Meli za mizigo zitasimama. Ngazi mbili hazitafanya kazi. Baraza la Shirika litataka maelezo. Niandike sababu gani?"

Nyamizi alifikiri. Angeweza kusema uchunguzi wa kitaalamu, na watu wangemwamini kwa siku mbili tatu. "Andika kwamba nilikosea," alisema. "Andika nilipima maji yanayoondoka, sikuuliza yanakokwenda. Na uandike jina langu kamili."

"Limeandikwa."

Hakuna kilichosikika. Ila kifuani mwake, kile kitu kilichokuwa kikikoroma tangu siku ya kwanza ya safari kilinyamaza, na ndipo alipojua ukubwa wake.

Kufikia jioni mashua ilikuwa imekaa kwenye tope, imeinama upande. Vikombe vilitelezea vyote kwenye kona moja ya jiko. Bukuru alipokuja kumtafuta alimkuta ameketi kwenye ubavu ulioinama, miguu ikining'inia.

"Mama Yulita. Mashua imekwama."

"Nimeikwamisha."

Bukuru alimtazama, akatazama alama ya maji kwenye tuta, ilivyokwisha kushuka. Alielewa. Alivua viatu, akashuka kwenye tope hadi magotini, akamnyooshea mkono.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu, nyeupe, zisizo na kingo. Chombo cha mawasiliano kililia asubuhi hadi jioni. Mwenyekiti wa Baraza, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimpigia akimsihi, kisha akimkemea, kisha akimsihi tena. "Mwalimu, jina lako liko kwenye kila nguzo ya nchi hii. Litafutwa." Nyamizi alimjibu kwamba atafika mbele ya Baraza siku ya kumi na moja, na atajibu kila swali. Mbali, upande wa ziwa, meli zilijipanga zikisubiri, matanga-hisi yao yakigeukageuka bila kazi.

Na hapakuwa na uhakika. Ardhi iliyokaa kavu miaka kumi na miwili huenda imesahau njia. Alimweleza Skolastika hivyo waziwazi. Skolastika alisema, "Sawa," na kila asubuhi akaenda kuketi penye beseni, Nyamizi naye akaenda. Walizungumza habari za watoto. Walimenya karanga. Mapacha wawili walikuwa nyumbani wakishona paa la kibanda kwa kitambaa cha tanga, wakibishana juu ya mambo ya mwaka waliokuwa na umri wa miaka saba.

Siku ya nane upepo ulikuwa umetulia kabisa. Skolastika alikuwa katikati ya hadithi ya binti yake aliposita. Aliweka karanga chini. Akainama ndani ya beseni, akafagia mchanga wa juu kwa kiganja, akachimba kidogo kwa vidole, akaubandika mkono wake pale chini, umelala wote, akatulia kama anayesikiliza.

Nyamizi aliacha kumenya.

Skolastika aliuchukua mkono wa mgeni wake, akauvuta, akaushindilia mchangani chini ya wa kwake.

"Baridi," alisema.