Nilibeba Uongo wa Mchumba Wangu Jangwani

Nina miaka ishirini na minne, na ghalani kwetu hakuna anayecheka kwa sauti kunishinda. Nalisema hili mapema, wasomaji wenzangu, ili mkifika katikati msije mkadhani nimekufa kwa huzuni. Sijafa! Ila nilichomwa... tena na mkono niliokuwa nimeushika kwa mapenzi.

Naitwa Odeta. Ni Mrundi niliyekulia kambini, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Shule yangu ni ile ya kambini na kidogo ya hapa Louisville, Marekani, basi. Naishi na mama mtaa wa South End, napanga maboksi ghalani. Basi ninalopanda kwenda kazini hupita kando ya uwanja wa gofu, upande wa Shively. Wenzangu walikuwa wakilala ndani ya basi. Mimi nilibandika paji la uso kwenye kioo. Majani yale! Utulivu ule! Mtu anapiga kitu kidogo cheupe, kinapaa, halafu anakifuata taratibu kama mtu asiye na bosi. Nikasema moyoni, ipo siku na mimi nitatembea hivyo.

Nikanunua fimbo kuukuu kwenye duka la mitumba, nikaanza kujifunza. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Odeta, tumekimbia vita, tumekaa kambini, tumepanda ndege... ili wewe uje kuchapa majani?"

Wanakwaya wa kanisani kwetu wakanibatiza jina, Mama Fimbo. Sikujali. Nilikuwa na ndoto, na ndoto yangu haikuwa inamwomba mtu chakula.

Prospa nilikutana naye harusini, Columbus, mji anaoishi. Ni dereva wa lori, Mrundi mwenzangu, mrefu, anayejua kuvaa. Aliposikia nacheza gofu akaniuliza, "Na ng'ombe wako wako wapi, mchungaji?" Kumbe na yeye anacheza! Nilicheka, na moyo ukaondoka siku hiyo hiyo. Ningefanyaje? Kijana wa kwetu, tena anajua gofu! Niliona Mungu amenikumbuka kwa jina.

Sasa nieleze jambo moja, kwa kuwa mkasa wote umekaa juu yake. Kwetu kijana haendi kuposa mwenyewe. Mzee wa ukoo ndiye anayekwenda, anakaa mbele ya wazazi wa binti, anamsemea. Bila mdomo wa mzee hakuna ndoa. Prospa hakuwa na baba. Aliyemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Melkiori, anayeishi Buffalo. Mdomo wa Prospa ulikuwa huyo.

Na kanisani kwetu, harusi ikinukia tu, vitambaa vinakatwa! Mama Kezia, kiongozi wa akina mama, alikuwa ameshachagua kitenge cha sare, cha kijani chenye ndege wa njano. Mafundi wameshapima viuno. Posa bado, sare tayari! Ndivyo tulivyo.

Mzee Melkiori naye ni mgonjwa wa gofu. Kila mwaka, theluji ya Buffalo ikikataa kuyeyuka, hukimbilia jangwa la Arizona kucheza. Mwaka ule akamwambia Prospa: mlete huyo binti, nimwone uwanjani kabla sijafungua mdomo kwao.

Wapendwa, nisiwadanganye. Ule uwanja ni mzuri mpaka unaogopesha! Milima myekundu pande zote, kama imeokwa. Kaktasi, mimea ya miiba mirefu kuliko watu, imenyanyua mikono kama waumini kwenye maombi. Na katikati ya mchanga na mawe, wametandika vipande vya majani ya kijani, kimoja hapa, kingine kule, kama mikeka aliyoisahau mtu. Kati ya mkeka na mkeka hakuna cha mswalie mtume! Ama mpira wako unaruka jangwa, ama jangwa linauchukua.

Nilisimama pale nikatokwa na machozi. Mimi, mtoto wa kambi ya vumbi jekundu, nimerudi kwenye vumbi jekundu kucheza! Mzee akanitazama, akasema, "Lia haraka, binti, watu wa nyuma yetu wanangoja."

Tulikuwa watatu tu, kila mtu na mpira wake. Nilicheza vizuri, sifichi. Lakini mapema nikafanya kosa la kuchekesha. Mpira wa Mzee uliingia chini ya kichaka. Nikamwona mzee wa watu anaanza kuinama na kiuno chake kinalia... Nikakimbia, nikauokota, nikampa kwa mikono miwili, na goti kidogo.

Prospa alicheka mpaka akajishika tumbo. Kwenye gofu mpira hauokotwi! Unapigwa pale pale ulipoangukia. Sheria hiyo niliijua. Lakini mikono yangu ililelewa kabla ya kujua gofu, na haikulelewa kumtazama mzee anainama. Mzee aliurudisha mpira mahali pake. Alitabasamu, akaniambia, "Mama yako amekulea. Ila usiniokotee tena."

Laiti mchezo ungeishia hapo!

Tulipokaribia mwisho, Prospa alikuwa anaongoza, kifua kimejaa. Akapiga mpira mmoja kwa nguvu mno. Ukapinda, ukapotelea kwenye miiba. Nilikwenda naye kuutafuta, Mzee akabaki nyuma na kigari. Tukaukuta umekaa katikati ya mizizi ya kaktasi, mahali ambapo hata panya angepiga hodi kwanza.

Prospa akatazama nyuma. Kisha akausukuma kwa mguu... taratibu, mpaka ukafika kwenye mchanga ulio wazi.

"Prospa!" nikasema.

"Nyamaza. Ni mchezo tu. Unataka Mzee anione mjinga?"

Lakini jangwa si majani, wapendwa. Mchanga unatunza kila kitu. Mzee alipofika, mfereji uliochorwa na mpira ulikuwa pale pale, mrefu, kuanzia kwenye mizizi mpaka kwenye mpira. Akautazama. Akatutazama.

"Nani ameusogeza?"

Nikamtazama Prospa. Nikamngoja. Na Prospa wangu, mwanaume niliyekuwa nimemwombea kwa kufunga, akacheka kidogo, akanishika bega.

"Ni Odeta, baba. Si unamjua na heshima zake za kuokota? Nimemkataza, hasikii."

Dunia ilisimama. Ile heshima yangu ya asubuhi, ndiyo aliyoishika akanichapia!

Mzee akaniuliza taratibu, "Ni wewe, binti?"

Ningesema nini? Tangu utotoni nimesikia akina mama wakifundisha mabibi harusi: aibu ya mume ni shuka la nyumbani, usilianike nje. Nikajiambia, huyu si ndiye mume? Kama sitamfunika leo, nitamfunika lini? Nikainamisha kichwa.

"Ni mimi, baba."

Mzee akapanda kigari. Tukaenda shimo la mwisho. Hapo kulikuwa na korongo pana, mawe matupu chini, na mkeka wa kijani ng'ambo ya pili. Wengi hupiga kwa kuzunguka pembeni. Prospa alizunguka. Mzee alizunguka. Mimi machozi yalikuwa yamenijaa hata korongo silioni vizuri. Nikasema, potelea mbali! Nikapiga moja kwa moja. Mpira ukapaa juu ya mawe, ukakaa hewani mpaka nikadhani umeamua kuishi huko... ukatua kwenye kijani. Nyuma yangu hakuna aliyepiga makofi. Niliudaka moyo wangu mwenyewe siku ile, nikauweka mfukoni.

Tuliporudi, Prospa akanipigia simu. Alisema Mzee amekataa. Amesema hafungui mdomo wake kwa binti mdanganyifu. Nikamwomba, "Basi mwambie ukweli, Prospa. Neno moja tu." Akasema, "Nipe muda."

Nikampa muda. Ee Mungu, nilimpa muda! Na katika muda huo huo habari zikatoka Columbus zikafika Louisville kabla ya mimi kumwambia hata mama. Odeta kaiba kwenye mchezo mbele ya wakwe! Kwaya nikipita wananyamaza. Mama Kezia alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi, akaulizia hali ya hewa, halafu akasema, "Sasa zile sare, mama Odeta, tuzifanyie nini? Tufunikie makochi?" Mama yangu alicheka naye. Alipoondoka, mama aliingia jikoni akafungua bomba la maji kwa nguvu ili nisimsikie akilia. Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani.

Na bado nilikuwa namfunika! Mnaniona? Mama yangu analia jikoni, mimi nafunika.

Kilichonizindua ni sauti kwenye simu. Ujumbe uliokuwa unazunguka kwenye kundi la akina mama. Sauti ya Prospa, kwenye sherehe fulani, watu wanacheka. "Afadhali nimemgundua mapema! Anayeiba mpira ataacha sufuria?"

Nilisikiliza mara moja. Sikuhitaji mara ya pili. Nikavaa koti, nikakata tiketi ya basi kwenda Buffalo.

Basi lile husimama Columbus. Abiria walishuka kununua chakula. Mimi nilibaki kwenye kiti, nikautazama mji ule kupitia kioo, mji niliokuwa nimeupangia mapazia. Nikauambia, na wewe baki hapo!

Nilifika kwa Mzee Melkiori Jumapili baada ya ibada. Nje theluji, ndani wanafamilia wanakula maharage na ndizi. Mkewe akanikaribisha. Nikakataa kukaa.

"Baba, shikamoo. Nimekuja kukwambia kwamba ule mpira sikuusogeza mimi."

Mzee akaweka kijiko chini. Akasema, "Najua."

Nikamsogelea.

"Unajua?"

"Niliiona alama ya kiatu mchangani, binti. Mguu wako ni wa mtoto. Ule ulikuwa wa Prospa. Nilimwambia sitafungua mdomo mpaka mmoja wenu aseme kweli. Nilikuwa nakungoja."

Kumbe hata ujumbe huo Prospa aliupindua! Hapo, wasomaji, ndipo adabu yote ya mikono miwili iliponiishia. Sikupiga kelele. Lakini sikushusha macho.

"Ulikuwa unaningoja? Baba, mama yangu haendi kanisani! Watu wananiita mwizi miji mitatu, na wewe umekaa hapa na ukweli wangu, unaningoja? Mimi nilinyamaza kwa sababu nilimpenda. Yeye alisema uongo kwa sababu ni mwoga. Wewe ulinyamaza kwa sababu gani? Mimi ni mbuzi wa mnadani, wa kupimwa meno?"

Mkewe akasema polepole, "Mwambie, mwanangu. Mwambie. Mimi nimechoka kumwambia."

Mzee aliinamisha kichwa. Akasema, "Nimekosa." Nawaambieni, kuna kijana mmoja pale mezani alisahau kutafuna. Kisha Mzee akasimama. "Nitamwita Prospa leo. Atapiga magoti. Na mimi mwenyewe nitakuja Louisville kuposa."

Ndoa ndiyo hiyo! Ile niliyoililia! Imewekwa mezani, katikati ya maharage na ndizi. Na niwe mkweli, moyo uliruka. Uliruka kabisa. Halafu nikaukumbuka ule mfereji mchangani, na ule mkono begani kwangu.

"Asante, baba. Hapana. Sikuja kutafuta mume. Nimekuja kurudisha uongo wa mwanao, nimechoka kuubeba. Mdomo wako nauhitaji kwa jambo moja tu. Mpigie mama."

Akapiga, simu ikiwa na sauti kubwa, familia yote inasikia. Akajitambulisha kwa heshima, akaeleza kila kitu: mguu, mchanga, ukimya wake. Akaomba msamaha kama mtu anayeomba posa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikasikia sauti yake:

"Nimekusikia, mzee. Sasa niambie, na zile sare tutazivaa siku gani?"

Nililia na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Tulizivaa, wapendwa! Mama Kezia mwenyewe ndiye aliyeitisha. Kulipopata joto, Jumamosi moja, akina mama wa kanisa walishuka kwenye basi upande wa Shively, wote kitenge cha kijani, ndege wa njano kila mahali, vigelegele mpaka wazungu wakaacha kucheza wakatoa simu. Kisa? Kunitazama Mama Fimbo nikicheza. Na kujaribu! Mama Kezia alipiga hewa mara nyingi akasema fimbo ni mbovu.

Mama yangu alipiga mara moja tu. Mpira ukaruka kidogo, ukazama kwenye shimo la mchanga. Akaufuata, akainama auokote.

"Mama, acha," nikamwambia. "Upige hapo hapo ulipoangukia."

Akanitazama. Akafunga kitenge vizuri kiunoni. Akapiga... mchanga ukatujaa machoni wote, na mpira ukatoka!

Prospa sikumwona tena. Anatuma salamu, hazifiki. Na mwaka huu naweka akiba. Narudi kwenye lile jangwa, na korongo nitalipiga moja kwa moja tena.

Wewe binti unayesoma hapa, kama kuna mtu amekuomba ubebe kosa lake kwa jina la mapenzi, nakusihi, usipite njia niliyopita. Mpende ukitaka. Mpikie ukitaka. Lakini mpira wake mwachie aupige mwenyewe, miiba yake na mizizi yake. Anayekupenda kweli hatausogeza kwa mguu, halafu akalishika bega lako.