Bahasha Mbili, Jina Moja

Karani wa daktari alifanya kazi za watu watatu. Alipokea simu, alihudumia wagonjwa dirishani, na alichapa barua za majibu ya vipimo. Mwenzake aliacha kazi mwaka jana na hakuletwa mwingine. Chakula cha mchana alikila huku anachapa.

Jumatano moja alirudi nyumbani, akakaa bila kuvua viatu. Mumewe, fundi seremala, alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Alikataa, lakini chai ilipoa mbele yake.

"Nadhani nimekosea bahasha," alisema mwishowe. "Wagonjwa wawili wana jina moja. Mmoja ni mzima, mwingine ana uvimbe wa kukatwa haraka. Simu inalia, mtu dirishani ananifokea. Sijui nani nimempa ipi."

Mumewe alimwita jirani yao, muuguzi mstaafu. Jirani huyu alikuwa mtu wa utani, ila siku hiyo hakutania. Aliuliza kama daktari ameambiwa. Karani akasema anaogopa kufukuzwa.

"Mwanangu, mpigie sasa hivi," jirani alisema. "Mgonjwa akichelewa, hutaweza kurekebisha. Halafu kesho anza kuandika: simu ngapi, wagonjwa ngapi, barua ngapi. Si kwa kujitetea. Daktari aone kazi ilivyo."

Alipiga simu. Daktari akamwambia arudi kazini. Walifungua mafaili pamoja, wakayalinganisha na daftari la barua zilizotolewa. Kweli, bahasha zilikuwa zimepishana.

Wagonjwa wote wawili walipigiwa simu jioni ile. Mwenye uvimbe, bibi mmoja, alikuwa ameshawaambia wanawe kwamba yu mzima. Karani alimwomba radhi mwenyewe. Bibi akauliza tu aje kesho saa ngapi.

Wiki nzima karani aliandika. Alhamisi peke yake zilikuwa simu sitini na nne. Daktari alianza kuisoma karatasi amesimama, akamaliza ameketi. Mwezi haukuisha, akaajiriwa mtu wa simu. Barua zikachapwa chumba cha ndani, mlango umefungwa. Kila bahasha ikalinganishwa na namba ya kadi. Karani akapata nusu saa ya kula.

Bibi alipasuliwa, akapona. Aliporudi kutolewa nyuzi, alitaja jina lake dirishani.

"Namba ya kadi, bibi?"

"Bado hujanijua tu?"

"Nakujua. Nitajie hata hivyo."

Bibi alicheka, akaisoma. Karani aliifuata kwa kidole, tarakimu moja moja.