Mama Povu na Bomba la Zimamoto

Mama Povu ni dobi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa mikono yake haiishi povu kutwa nzima. Kibanda chake kiko sokoni. Upande mmoja yupo mumewe, fundi viatu. Upande wa pili yupo muuza magodoro.

Nyuma ya vibanda kuna bomba jekundu. Kibao chake kinasema: "Ni marufuku mtu asiye wa zimamoto kufungua bomba hili. Atakayekiuka anaweza kunyang'anywa kibanda." Hiyo ni sheria ya mji.

Mchana mmoja magodoro yalishika moto. Watu walipiga kelele, na kelele hazizimi kitu. Mama Povu alifungua bomba, akavuta mpira, akauzima moto. Zimamoto walipofika walikuta moshi tu. Askari wa mji nao walifika, wakamfungulia mashtaka. Yeye, si moto!

Mumewe alishika kichwa. "Mke wangu, sema ulilikuta bomba liko wazi."

"Nidanganye mahakamani?"

"Kibanda kikienda, watoto watakula nini?"

Wakati huo jirani yao, mkalimani wa mahakama, alikuja kufuata mashuka yake. Walimweleza yote.

"Usidanganye, dada," alisema. "Hakimu husoma maneno ya sheria. Tena huuliza: waliotunga walitaka kuzuia nini? Mnakumbuka soko la zamani lilivyoungua?"

"Nakumbuka," alisema Mama Povu. "Bomba lilikuwa kavu. Watu walishatumia maji yote kuoshea magari."

"Basi. Sheria inataka maji yawepo moto ukiwaka."

Fundi viatu alichangamka. "Kumbe! Ukiwa na sababu nzuri, sheria unairuka tu!"

"Taratibu, shemeji. Haitazamwi sababu yako. Inatazamwa sababu ya sheria."

Mama Povu aliinamisha uso. "Jirani, kuna jambo. Moto ulipozimika, nilijaza ndoo mbili za kufulia."

Mkalimani alitikisa kichwa. "Hapo sheria haiko upande wako. Lakini ukiulizwa, sema kweli."

Siku ya kesi, hakimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Baada ya kuzima moto, ulifanya nini?"

Mumewe alimkonyeza anyamaze. Mama Povu aliogopa sana. Akapiga moyo konde.

"Nilijaza ndoo mbili za kufulia, mheshimiwa."

Hakimu aliandika, kisha akasema: "Sheria hii ilitungwa ili maji yasikosekane wakati wa moto. Tukimwadhibu aliyezima moto, tunaipinga sheria yenyewe. Kufungua bomba, huna kosa. Zile ndoo mbili ni kosa, maana maji hayo ni ya moto, si ya kufulia. Kwa kuwa umesema kweli, nakupa onyo. Kibanda ni chako."

Mama Povu alilia kwa furaha na aibu pamoja.

Asubuhi moja wiki iliyofuata, kibao kiliongezwa maneno: "isipokuwa kwa kuzima moto." Asubuhi hiyohiyo, muuza magodoro alifungua bomba ili asafishe kibanda chake cheusi.

"Lifunge hilo," alisema fundi viatu.

"Aa, ndugu yangu! Si masizi ya moto haya? Kwani wewe umekuwa askari?"

"Sikuwa, wala siwi. Moto ukiwaka, nitalifungua mimi mwenyewe. Masizi hayaunguzi mtu. Lifunge, tuchukue ndoo tukachote kwingine."