Sentimita Tano

Lifti ya hospitali ilikuwa imejaa wauguzi, wagonjwa na jamaa waliobeba maua, na katika msongamano huo daktari wa mishipa alikanyaga upindo wa gauni la kijani, ukafumuka.

"Usijali," akasema mwenye gauni, mpimaji wa picha ambaye wenzake walimwita Rula. "Baba yangu fundi cherehani. Atalishona hili, kisha akushone wewe mdomo."

"Basi nipeleke nikashonwe."

Alipelekwa. Mzee alimtazama juu ya miwani, miguu ikiendelea kukanyaga kibao cha cherehani.

"Wewe ndiye unayekanyaga watoto wa watu?"

"Nilikanyaga gauni tu, mzee."

"Huanzia hapo."

Wakacheka wote watatu. Tangu siku hiyo simu ya Rula haikupoa, hata posa ikakubaliwa na mzee akaanza kumshonea binti yake gauni jeupe la harusi. Hakuwa ameufikia upindo pale picha ya kifua chake mzee ilipoonyesha kuwa mshipa wake mkuu, utokao moyoni, umetuna na unakaribia kupasuka.

"Hatutakupasua kifua," daktari akamweleza. "Tutapitisha kwenye paja mrija wa kitambaa ulioshonewa nyaya. Ukifika mahali pake utafunguka, damu ipite ndani yake."

"Kitambaa? Na kipimo nani anachukua?"

"Binti yako. Kisha mimi."

"Alhamdulillahi. Mafundi wawili."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya idara yao: wawili hupima urefu, kila mmoja peke yake, ndipo namba zilinganishwe. Mrija ukipungua, uvimbe hupasuka. Ukizidi, huziba vijishipa vinavyolisha uti wa mgongo, na miguu hufa.

Jioni daktari akapiga simu. "Umemaliza, roho yangu?"

"Nimemaliza."

"Ngapi?"

Hakupaswa kusema. "Sentimita ishirini. Nawe usilale kabla hujapima."

"Nitapima, malkia wangu."

Baada ya mrija kuwekwa, mzee alizinduka akiomba maji. Akataka kukunja goti, goti halikumtii. Siku tatu walimtoa maji ya uti wa mgongo kupunguza shinikizo, bila ya mafanikio.

"Wewe ulipata ngapi?" Rula akamuuliza daktari.

"Ishirini, kama wewe."

Akalia, kisha akatulia. Wawili hawakosei sawasawa. Basi ni kadari ya Mola.

Miezi miwili baadaye aliifungua tena picha ile. Kila mstari wa kupimia huacha juu ya picha jina la aliyepima na saa. Mstari ulikuwa mmoja tu, na jina lilikuwa lake. Akampigia daktari simu.

"Hukupima."

"Nilikuamini. Nakupenda, ningekupimaje wewe?"

"Kipimo cha kweli kilikuwa kumi na tano. Niliogopa uvimbe, nikaongeza tano, nikasema moyoni: yeye atanirekebisha. Siku ile nilihitaji mtu mmoja tu duniani asiyeniamini. Mtu huyo alikuwa wewe."

Akamweleza baba yake yote, bila kujificha. Mzee akaagiza daktari aitwe. Rula na daktari walimkuta kwenye meza ya cherehani, gauni jeupe likiwa chini ya sindano.

"Nimewasamehe," akasema. "Sasa nataka kumaliza kazi yangu. Mikono ninayo. Miguu ndiyo sina."

Daktari akapiga magoti chini ya meza, suti yake ikigusa vumbi na vipande vya nyuzi, akakisukuma kibao kwa viganja. Cherehani ikalia. Upindo ukapita polepole chini ya vidole vya mzee.

"Taratibu, mwanangu. Hapo. Basi."

Uzi ukakatwa.

"Bado nakutaka," daktari akamwambia Rula, angali sakafuni.

"Nami nakutaka. Lakini katika nyumba yetu, nani atamrekebisha nani?"

Daktari akasimama, akaubusu mkono wa mzee, akatoka bila kufuta magoti.

Rula akalikunja gauni mara nne, akaliweka juu ya mapaja ya baba yake. Mzee hakuhisi uzito wake.