Kwanza Kiwanja, Kisha Kidole

Kila asubuhi Emérence alifagia ua, akawasha moto, akampikia bintiye Noëlla uji wa mtama. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko. Ilikuwa na vyumba viwili, kuta za udongo na paa la mabati. Mume wake, Isidore, alikuwa fundi wa kujenga. Siku za kazi alijenga nyumba za wazungu kando ya ziwa. Nyumba yake mwenyewe aliijenga siku za Jumapili, baada ya misa. Ilimchukua miaka.

Mwaka 1958 gari lenye kipaza sauti lilipita Kadutu.

"Mji unatengenezwa," sauti ilisema. "Barabara kubwa itapita hapa. Nyumba zitaondolewa."

Gari likaenda zake. Hakuna aliyeuliza watu watapelekwa wapi.

Jirani yao Xavier hakungoja. Aliezua nyumba yake siku ya pili, akapakia mabati, manjanja kama walivyoyaita, kwenye lori, akayapeleka kwa ndugu yake aliyekaa Mudaka.

"Bula Matari akikuja, atakuta udongo tu," alisema, akimaanisha serikali ya wazungu. "Manjanja yangu hataiona."

Watu walimsifu kwa akili. Haikuwa akili. Ilikuwa woga.

Isidore naye akaazima ngazi ili aezue paa lake. Akaingia ndani kutafuta nyundo. Alipotoka, mke wake alikuwa amekwisha kupanda. Emérence alikuwa ameketi juu kabisa ya paa, kitenge kimefungwa vizuri.

"Shuka, mama Noëlla," Isidore alisema.

"Sishuki."

"Batu banatuangalia."

"Baangalie. Bibi akiwa juu ya nyumba yake, iko kosa gani?"

"Barabara inakuja. Unataka tukose hata manjanja?"

"Wewe ulijenga, na wewe unabomoa. Sasa Bula Matari atafanya kazi gani? Unamumalizia kazi yake bure?"

Watu walikuwa wamejaa njiani. Mmoja akapiga kelele: "Isidore, panda umubebe mugongoni!"

Emérence aliisukuma ngazi kwa mguu. Ikaanguka uani.

"Na wewe utashuka namna gani?" Isidore aliuliza.

"Hiyo ni shida yangu."

Ndipo Adélaïde akafika. Mama huyu alifundisha wanawake kushona, na alijua kusoma vizuri. Alikuwa anatoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa.

"Maman, bakia kwanza huko juu," alimwambia Emérence. "Wewe Isidore, weka nyundo chini unisikilize. Nimesoma tangazo. Banakuja kupima nyumba. Nyumba yenye paa itaandikwa nyumba. Mwenyewe atapewa kiwanja kingine na vifaa vya kujenga. Kuta bila paa zitaandikwa gofu. Gofu haipati kitu."

"Nani amesema?"

"Iko kwenye ukuta wa komini, kwa Kiswahili. Ramani ya barabara pia iko pale. Kila mutu anaruhusiwa kuiangalia. Wewe ulienda?"

"Kule banafukuza batu."

"Wewe walikufukuza siku gani?"

Isidore akaweka nyundo chini. Hakuwa amekanyaga pale hata mara moja.

"Tena iko jambo lingine," Adélaïde alisema. "Batakuomba utie kidole kwenye karatasi ya kuhama. Ukitia, umekubali yote. Usitie kidole kama hujaona kiwanja kwa macho yako. Na usisimame peke yako. Tusimame wote."

Xavier alikuwa nyuma ya watu. "Na mimi?" aliuliza.

"Fuata manjanja yako."

"Ndugu yangu ameezekea jiko lake."

"Basi aezue."

Isidore akaisimamisha ngazi tena, Emérence akashuka. Kesho yake watu wa mtaa ule walikwenda komini pamoja. Waliitazama ramani. Adélaïde alisoma tangazo kwa sauti, na kila mmoja akasikia. Xavier alirudi kutoka Mudaka na mabati yake, na majirani wakamsaidia kuezeka. Walimcheka sana, lakini walimsaidia.

Wapimaji walipokuja, kila nyumba ilikuwa na paa. Walipima vyumba. Emérence aliwafuata kwa nyuma.

"Jiko hamujapima," alisema. Wakarudi, wakapima jiko.

Kisha mzungu wao, kijana mwenye haraka, akaweka meza njiani. Juu yake aliweka karatasi na wino. Akamwita Isidore kwanza.

"Wewe, weka kidole."

Isidore aliweka mikono nyuma. Maisha yake yote aliwaambia wazungu ndiyo, bwana.

"Kiwanja iko wapi, bwana?"

"Utaonyeshwa baadaye."

"Basi kidole nayo itakuja baadaye."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Mzungu akawa mwekundu.

"Nitaita polisi."

"Waite," alisema Adélaïde. "Tutawasomea tangazo lenu. Linasema mutu atahama akiisha kupewa kiwanja. Mikono ya batu wote iko mugongoni, bwana. Angalia."

Aliangalia. Ilikuwa kweli. Akakunja meza yake, akaenda zake.

Mzungu aliporudi siku nyingine, aliwapeleka bondeni, mahali maji yanaposimama. Emérence alikanyaga, mguu ukazama mpaka kifundo.

"Hapa tutajenga, ao tutafuga vyura?"

"Ni kiwanja kizuri. Jua litakikausha."

"Kama ni kizuri, jenga ya kwako hapa."

Wakapanda kurudi nyumbani, wote. Vigingi vya barabara ambavyo wapimaji walikuwa wamevipiga vilibaki vimesimama katikati ya maharagwe, na barabara haikuanza. Wengine walianza kuchoka. Xavier alisema labda vyura si wabaya sana. Lakini hakuna aliyetia kidole.

Mara ya tatu mzungu aliwapeleka juu ya kilima. Hakusema mengi. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, na bomba la maji lilikuwa karibu. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa safu, na cha Xavier kilikuwamo.

Isidore alichimba kwa jembe, akatazama chini. "Msingi utashika," alisema.

Mzungu alishika karatasi mkononi. Emérence hakumjali. Alizunguka kiwanja pembe kwa pembe. Alitazama maji ya mvua yatapita wapi. Alitaka vigingi vya mpaka vipigwe mbele ya macho yake, na vikapigwa. Watu wote walimngoja, na mzungu pia alimngoja.

Kisha akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Sasa lete hiyo wino," alisema.