Usiku wa Tisa wa Kupima Giza

Haya yalimpata mke wa mpwa wangu, yule mpwa dereva, na anayesema natia chumvi akamuulize mwenyewe, kama atafungua kinywa. Siku hizi haongei jua likishazama.

Ilianza jioni ya kawaida kabisa. Mwanamke amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya kambi, juu kilimani, anapaka rangi nyekundu ya kucha. Si kwenye kucha, kwenye kioo cha tochi. Pale kambini taa nyeupe ilikuwa mwiko. Wageni walitoka mbali kuja kutazama nyota, na jicho likipigwa na mwanga mweupe mara moja tu, linataka nusu saa nzima kulizoea giza tena. Basi ilikuwa tochi nyekundu, mapazia mazito, na gari la mumewe lilipanda kilima likiwa limezimwa taa, linanyata kama mwizi wa kuku.

Kazi yake yeye ilikuwa kupima giza. Usicheke, alikuwa analipwa. Alikuwa na kipimo kidogo kama pakiti ya sigara. Anakielekeza juu, anabonyeza, kinaanza kulia tiki, tiki, tiki, kisha kinatoa namba. Giza likiwa zito, tiki zinakuwa nyingi na namba inakuwa kubwa. Mjini kinatoa kumi na nane. Pale kilimani, kiangazi, hewa ikiwa haina vumbi, kilitoa ishirini na moja na kitu.

Watu wa bondeni walimwita Mama Giza, kwa sababu alipita mlango kwa mlango akiomba balbu za nje zivikwe kofia zitazame chini. Fundi wa kuchomelea alimtania mbele za watu: "Wewe mama, kazi yako kutuzimia taa tu! Mumeo huko juu anakuonaje?"

"Ananipapasa," akajibu, akaendelea na safari yake. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Lakini mwaka ule mambo hayakuwa ya kucheka. Cheti cha kambi, kile cha kuthibitisha giza lake, kilikuwa kinakwisha muda. Wakubwa walitaka vipimo vya usiku tisa mfululizo usio na mwezi, wastani usishuke chini ya ishirini na moja na nusu. Mstari mmoja ukikosekana kwenye fomu, fomu nzima ni bure. Cheti kikienda, wageni nao wanakwenda, na dereva na mkewe wanafunga virago kutoka nyumba ya kwanza waliyowahi kuishi bila mwenye nyumba kuwagongea mlango.

Na taa iliyobaki kule bondeni ilikuwa moja tu.

Ilikuwa ya mkunga mstaafu, kikongwe anayeishi peke yake chini ya mteremko. Kila jioni aliwasha karabai, ile taa ya mafuta ya kupiga pampu, akaitundika barazani, ikanguruma nyeupe mpaka alfajiri. Watu walimwita Bibi Karabai. Mama Giza akamwendea mchana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunizimia."

"Usiku tisa tu, Bibi. Nakuomba."

Kikongwe akamsogezea kigoda. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Zamani, alikwenda kuzalisha usiku, na kibatari kikazimika. Humo gizani akampokea mtoto. Alikuwa mzito, na wa moto. Akamkumbatia kifuani huku watu wanahangaika na kiberiti. Kilipowaka, mikono yake ilikuwa mitupu. Na yule mwanamke kitandani, jasho linamtiririka, anauliza, "Bado tu?" Alikuwa hajazaa.

"Sasa niambie," kikongwe akasema kwa sauti ya chini, "mimi nilimpokea nani?"

Mama Giza akaikunjua fomu yake. Mistari tisa, yote mitupu.

Bibi Karabai alikuwa mtu wa huruma. Aliijua nyumba ile ya kambi, alijua na shida walizopitia wale wawili. Akakubali. Akampa hata karabai yenyewe, apande nayo kilimani, maana alijijua: ikibaki karibu ataiwasha. Akaweka sharti moja.

"Nikigonga sinia, uje na taa inawaka. Usimalize unachofanya. Uje."

"Nitakuja, Bibi."

Usiku wa kwanza kipimo kikatoa ishirini na moja nukta sita. Mama Giza akarukaruka kama msichana. Usiku wa nne, nukta tisa. Nyota zilijaa mpaka ukiangalia juu unaona kizunguzungu. Usiku wa sita ikaja ishirini na mbili nukta tatu, na mwanamke akampigia simu bosi wake kwa furaha.

"Haiwezekani," bosi akasema. "Anga yenyewe ina mwanga wake, hata mwezi usipokuwepo. Haivuki ishirini na mbili hiyo. Badilisha betri."

Akabadilisha. Ikaja nukta sita.

"Basi andika ishirini na moja nukta tisa," bosi akasema, "wasije wakatuona wazushi."

Akaandika. Mwandiko wake mzuri, hata mimi nimeuona.

Usiku wa nane tiki zilikawia kwisha. Akainua macho kutafuta wingu. Hapakuwa na wingu. Lakini juu ya paa la Bibi Karabai, kipande cha anga hakikuwa na nyota. Wingu husogea. Kile kilikuwa kimetulia, kimeinama.

Asubuhi akashuka mbio. Kikongwe alikuwa amekaa kitandani, amejikunyata, macho mekundu.

"Jana kilikaa mlangoni," akanong'ona. "Nirudishie taa yangu, mwanangu."

"Leo tu, Bibi. Umebaki usiku mmoja."

"Nirudishie."

"Leo tu. Nimekuahidi, nikisikia sinia nakuja."

Kikongwe hakubishana. Alivuta sinia lake karibu na mto, akaliegemeza ukutani, na kijiko juu yake.

Usiku wa tisa mpwa wangu alikwenda njia panda kuchukua wageni. Mkewe akabaki peke yake kilimani. Saa ya kupima ikafika. Akaweka karabai chini, kiberiti mfukoni. Akaelekeza kipimo juu. Akabonyeza.

Tiki. Tiki. Tiki.

Kwa kawaida hazikufika hata dakika. Zikapita dakika mbili. Nyota zikaanza kupungua, upande wa bondeni kwanza, kisha juu zaidi. Hazikufifia. Zilizibwa.

Ndipo sinia likalia.

Ng'a. Ng'a. Ng'a.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kipimo. Akiutoa, kipimo kinaanza upya. Akianza upya, saa ya kupima itakuwa imepita. Mstari wa tisa. Nyumba. Akakaza mkono. Nyie, msimhukumu, akajiambia sasa hivi itatoka, sasa hivi.

Tiki. Ng'a. Tiki. Ng'a.

Sinia likawa linagongwa haraka. Kisha ovyo. Kisha moja moja, kama mtu anayesinzia.

Tiki zikakoma. Na sinia likakoma hapo hapo.

Namba hakuitazama. Alipiga magoti akawasha karabai, njiti tatu zikavunjika, akapiga pampu huku analia. Ilipowaka akashuka mteremko mbio, taa nyeupe mkononi, mwanga wake unaruka juu ya majani.

Mlango ulikuwa wazi. Akainua taa. Akaona kitanda. Akaona sinia sakafuni, na kijiko. Akaona ukuta, na khanga msumarini. Pembeni palikuwa na kiti cha kikongwe, alikijua. Hakukiona. Mwanga ulifika karibu na kiti ukaishia pale, kama umegonga kitambaa.

"Bibi?"

Akasogeza taa mbele. Kisha sauti ikatoka mle ambamo mwanga hauingii. Ilikuwa sauti ya Bibi Karabai, ya upole kabisa.

"Shh. Amelala."

Walimkuta Mama Giza kizingitini alfajiri, ameikumbatia karabai iliyokwisha mafuta. Kikongwe alikuwa kwenye kiti chake, amefariki, amekunja mikono kifuani kama mtu anayebembeleza. Wanawake waliomwosha walishindwa kuinyoosha ile mikono. Mmoja wao ni rafiki yangu. Alisema kibibi kile kikavu kama ukuni kilibebwa na watu sita, na wote sita wakatweta.

Fomu haikutumwa. Cheti kikaenda, wageni nao, nyumba nayo. Mpwa wangu akapanga chumba mjini, na mkewe ndiye aliyekichagua: kando ya barabara, nguzo ya taa iko mbele ya dirisha, usiku kama mchana. Haruhusu pazia.

Niliwatembelea juzi asubuhi. Mke alikuwa sokoni. Mpwa wangu akafunga mlango, akasogeza kitanda.

Jua lilikuwa limeingia dirishani limejaa sakafu yote, isipokuwa mahali pamoja, upande anaolalia mkewe. Hapakuwa na kitu cha kuweka kivuli. Nilipitisha mkono wangu juu yake, nikaurudisha haraka. Palikuwa na joto.

Lilikuwa umbo la mtoto aliyekaa, miguu ameinyoosha mbele.

"Mwezi uliopita," mpwa wangu akaninong'oneza, "alikuwa bado analala chali."